Maisha ya Claude Monet, Mchoraji wa Jua na Maji



Katika sehemu hii ya Kiswahili wenzangu wamekwisha kuwaleteeni maisha ya watu wakubwa, kama Mwanamfalme Louis Rwagasore na Dokta Livingstone. Mimi nimemchagua mtu ambaye hakuongoza nchi wala hakupigana vita. Kazi yake ilikuwa kuketi nje, penye jua, upepo na mbu, akachora kile alichokiona mbele yake. Jina lake ni Claude Monet, Mfaransa. Rafiki zangu wamenicheka kwa uchaguzi huu, kwa hiyo nitaeleza kwanza sababu yake.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa karibu na Ziwa Tanganyika. Ukisimama njiani asubuhi, jua likiwa mgongoni kwako, uliuona ukuta wake wa udongo unang'aa kama mkate uliotoka tanurini, na nyuma yake ziwa, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo yenye rangi ya zambarau. Katika likizo ya Pasaka ya mwaka 2023 niliichora nyumba hiyo juu ya kipande cha mbao nyembamba, kwa mabaki ya rangi za mafuta aliyonipa Bruda anayetufundisha kuchora. Asubuhi ya kwanza nilifanya kazi kwa muda wa saa moja na nusu, na picha ilikuwa nzuri. Nasema hivi bila kujisifu, maana mwenyewe nilishangaa. Lakini niliona majani ya mgomba hayajakamilika, na mlango hauna bawaba. Basi nikarudi jioni. Jioni jua lilikuwa upande wa Kongo, na ukuta ulikuwa gizani. Nikautia ukuta kivuli, huku milima ikibaki na nuru ya asubuhi. Kesho yake nikataka kuutoa kile kivuli. Rangi ilikuwa mbichi bado, ikachanganyika na rangi iliyo chini yake, na siku ya tatu nyumba ya bibi ilikuwa imegeuka tope la kahawia lenye bawaba nzuri sana mlangoni.

Nilidhani nitachora nyingine. Lakini mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda, yakaingia katika nyumba nyingi za ufukweni, na ile nyumba ya matofali mabichi ikaanguka. Bibi sasa anakaa kwa shangazi yangu, mlimani. Picha za simu zipo, lakini zote ni za watu waliosimama na kucheka, na nyumba huonekana pembe moja tu nyuma ya mabega yao. Nilipomwambia Bruda jambo hili hakunipa maneno mengi ya kunifariji. Alinipa kitabu kinene cha Kifaransa chenye maisha ya Monet, akasema nikisome chote. Nimekisoma mara mbili.

Claude Monet alizaliwa Paris tarehe 14 Novemba 1840. Alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi, wazazi wake walihamia Le Havre, mji wa bandari kaskazini mwa Ufaransa, ambako baba yake alifanya biashara ya vyakula na vifaa vya meli. Shuleni Claude hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Alijaza madaftari yake picha za kuwachekesha watu, za walimu wenye pua ndefu na vichwa vikubwa. Baadaye aliwachora hivyo wakuu wa mji, na watu wakamlipa, tena si haba. Picha hizo ziliwekwa katika dirisha la duka moja, na katika dirisha lilo hilo zilikuwapo picha za mtu mwingine aitwaye Eugène Boudin, aliyechora pwani na mawingu. Kijana Monet hakuzipenda hata kidogo picha za Boudin. Hata hivyo Boudin alimshika mkono, akamchukua nje ya mji wakachore pamoja.

Jambo hili laonekana dogo, lakini siku zile wachoraji wengi walifanya kazi yao ya mwisho ndani ya nyumba. Nje walichora vielelezo vidogo tu, kisha wakarudi chumbani kutengeneza picha yenyewe. Kuchora nje kwa rangi za mafuta kulikuwa kazi ya taabu hata mwaka 1841, ambapo Mmarekani mmoja, John Rand, alipotengeneza mirija ya bati ya kutilia rangi, yenye kifuniko cha kufungia. Kabla ya hapo rangi zilitiwa katika vifuko vya kibofu cha nguruwe, navyo vilipasuka na kuchafua nguo. Boudin alikuwa na desturi ya kuandika juu ya michoro yake tarehe, saa, na upepo uliokuwa ukivuma. Nadhani hapo ndipo Monet alipojifunza kwamba picha ya nje ina saa yake.

Mama yake alifariki mwaka 1857, na shangazi yake, Bibi Lecadre, akamsaidia sana. Mwaka 1861 aliitwa jeshini, akapelekwa Algeria, katika bara letu hili la Afrika. Alikuwa afanye kazi ya askari miaka saba, lakini aliugua sana, akarudishwa nyumbani mwaka 1862, na shangazi akalipa fedha ili aachiliwe. Kwa umri wake wote Monet hakusahau nuru na rangi alizoziona kule Afrika. Kisha akaenda Paris kusoma katika chumba cha mwalimu Gleyre, na huko alipata marafiki watatu, Renoir, Sisley na Bazille. Huyu Bazille alikuwa na fedha kidogo kuliko matajiri na nyingi kuliko Monet, na mara nyingi alimwokoa na njaa. Aliuawa vitani mwaka 1870, naye hajatimiza miaka 29.

Sasa nataka kukaa kidogo juu ya picha mbili za ujana wake.

Ya kwanza aliianza mwaka 1865, picha ya watu wanaokula chakula msituni. Ilikuwa kubwa mno, zaidi ya mita nne kwenda juu na sita kwenda upande, karibu sawa na ukuta mzima wa darasa letu. Alitaka kuipeleka Salon, maonyesho makubwa ya serikali mjini Paris, ambako mchoraji alipata jina au alilikosa. Alichora na kuchora, siku ya mwisho ikafika, na picha haijaisha. Akaiacha. Baadaye, kwa kukosa kodi ya nyumba, aliiweka rehani kwa mwenye nyumba, naye akaikunja akaitupa chini mahali penye unyevu. Monet alipoikomboa mwaka 1884 ilikuwa imeoza pembeni. Akaikata vipande. Vipande viwili hutazamwa leo katika jumba la Orsay mjini Paris, na watu hulipa kuviona.

Ya pili ni Wanawake Bustanini, ya mwaka 1866. Safari hii aliazimia kuichora yote nje, tangu mwanzo hata mwisho, ijapokuwa urefu wake ulikuwa zaidi ya mita mbili na nusu. Lakini mtu ataifikiaje sehemu ya juu? Monet alichimba handaki bustanini, akafunga kapi na kamba, akawa anaiteremsha picha ardhini kila alipotaka kuchora juu yake. Yasemekana kwamba mchoraji Courbet alipita kumtazama, akamkuta ameketi tu bila kazi. Akamwuliza sababu. Monet akamweleza kwamba anangoja jua litoke. Courbet akamshauri achore majani ya nyuma wakati ule, naye Monet akakataa, maana jua lisipokuwapo hata majani ya nyuma si yale yale.

Niliposoma habari hii nilifunga kitabu. Mimi ningalichora yale majani. Kwa kweli niliyachora.

Hata hivyo msidhani kwamba Monet alitimiza nadhiri yake. Picha ile ilimaliziwa ndani ya nyumba wakati wa baridi, na mwaka 1867 Salon waliikataa. Bazille aliinunua kwa faranga 2,500, akilipa faranga hamsini kila mwezi, yaani alikuwa akimlisha rafiki yake kwa kijiko. Mwaka 1921 serikali ya Ufaransa iliinunua picha iyo hiyo kwa faranga 200,000.

Miaka iliyofuata nitaipitia upesi. Alimwoa Camille Doncieux mwaka 1870, wakiwa tayari na mtoto wao Jean, wakakimbilia London kwa ajili ya vita kati ya Ufaransa na Prussia. Waliporudi walikaa Argenteuil, kando ya mto Seine. Huko Monet alinunua mashua, akaijengea kibanda, akachora mto akiwa juu ya mto wenyewe.

Mwaka 1874 Monet na rafiki zake, wakiwa wamechoka kukataliwa na Salon, walifanya maonyesho yao wenyewe mjini Paris. Wachoraji walikuwa kama thelathini. Monet alileta picha ndogo aliyoichora katika bandari ya Le Havre mwaka 1872: ukungu, mashua mbili tatu nyeusi, na jua jekundu linalochomoza kama kaa la moto. Ukipima ni sentimita 48 kwa 63, sawa na gazeti lililofunguliwa. Walipomtaka jina la kuandika katika orodha, alijua kwamba hawezi kuiita picha ya bandari, maana bandari yenyewe haionekani vema. Akaiita Impression, Soleil levant. Neno lile la kwanza lina maana ya chapa, kile kinachobaki machoni au moyoni baada ya kutazama mara moja. Mwandishi mmoja wa gazeti, Louis Leroy, alilishika neno hilo kuwadhihaki wote, akawaita Waimpreshonisti, na jina lile la kejeli ndilo wanaloitwa hata leo kwa heshima.

Lawama yao kubwa ilikuwa kwamba picha hizi hazijamalizika. Walisema karatasi ya kubandika ukutani imekamilika kuliko picha ile ya jua. Nami nimeitazama sana katika kitabu. Jua ni mviringo mmoja wa rangi, na nuru yake majini ni mapigo machache ya burashi, ambayo ungeweza kuyahesabu. Kama angerudi siku ya pili kuweka kamba katika milingoti ya meli na madirisha katika maghala, sijui kama leo tungelijua jina lake.

Mwaka 1879 Camille alifariki kijijini Vétheuil, akiwa na umri wa miaka 32, akamwachia watoto wawili. Jambo alilolifanya Monet asubuhi ile limenisumbua sana. Aliketi karibu na kitanda akamchora. Miaka mingi baadaye alimwungamia rafiki yake Clemenceau kwamba alijikuta, pasipo kutaka, akifuata jinsi rangi zilivyobadilika katika uso wa marehemu, buluu, manjano, kijivu, na akajiona kama mnyama aliyefungwa kwenye kinu, anayezunguka tu. Picha hiyo ipo. Ni mapigo ya haraka haraka, na sehemu za pembeni ni kama hazikuguswa. Hakuirudia.

Mwaka 1883 alihamia Giverny pamoja na wanawe, na Bibi Alice Hoschedé na watoto wake sita. Alimwoa Alice mwaka 1892. Giverny ndiko alikokaa hata kufa kwake.

Sasa tunafika katika kiini cha habari yangu. Monet alikwisha kuona kwamba adui wa mchoraji wa nje ni saa. Jua haliketi. Kwa muda wa saa moja kivuli cha mti kimehama, na rangi ya nyasi imegeuka. Mchoraji afanyeje? Akiendelea, atakuwa na picha yenye jua mbili, kama yangu. Akiacha, ana picha ya nusu saa. Monet alitafuta njia ya tatu: akaacha picha ile, akashika nyingine. Mwandishi Maupassant aliyemwona huko Étretat, kando ya bahari, alieleza jinsi Monet alivyokwenda akifuatwa na watoto wamembebea picha tano au sita za mahali pale pale, kila moja na saa yake, naye akizichukua na kuziweka kadiri mbingu ilivyogeuka. Huko Étretat mwaka 1885 alizama katika kazi hata akakosea majira ya kupwa na kujaa kwa maji. Wimbi kubwa likamtupa kwenye jabali, likachukua kiunzi chake na vyombo vyake, naye akatoka akitambaa, ndevu zake zimejaa rangi. Watu wetu wa ziwani wangemwambia kwamba maji hayangoji mtu amalize kazi.

Mwaka 1890 na 1891 alichora marundo ya ngano yaliyokuwa shambani karibu na nyumba yake. Alianza, yasemekana, akidhani picha mbili zatosha, moja ya jua na moja ya mawingu. Nuru ikageuka, akamwomba binti wa Alice, Blanche, amletee kitambaa kingine cha kuchorea, kisha kingine, kisha kingine. Mwezi Mei 1891 alionyesha picha 15 za marundo yale mjini Paris, mengine yenye theluji, mengine jua likitua, nazo zilinunuliwa upesi. Kisha akachora mipopla iliyosimama kwa safu kando ya mto Epte. Hapo alikuwa na mashua yenye mifuo ya kusimamishia picha nyingi, na picha moja, alivyomwambia mwanamke mmoja Mmarekani aliyekuwa jirani yake, aliweza kuichora kwa dakika saba tu, mpaka nuru ilipoliacha jani fulani. Dakika saba! Sisi huchukua zaidi ya hizo kutafuta kalamu. Baada ya dakika saba aliiweka chini, akangoja kesho.

Na miti yenyewe ilikuwa karibu kukatwa. Kijiji cha Limetz kilitaka kuiuza kwa mnada, na meya hakukubali kungoja. Monet akapatana na mfanyabiashara wa mbao: nunua wewe, nami nitakuongezea fedha, ila uiache isimame mpaka nimalize. Ikawa hivyo. Huko nyuma, mwaka 1889, katika bonde la Creuse, alifanya ajabu zaidi. Alikuwa akichora mwaloni mkavu wa wakati wa baridi, mvua ikamchelewesha, na majira yakageuka, mti ukachipua. Monet akamwomba mwenye shamba ruhusa, akaajiri watu wawili wenye ngazi, wakayang'oa majani yote mabichi ili mti urudi kuwa kama picha. Wengine husimulia habari hii kwa kuisifu bidii yake. Mimi naiona kuwa aibu kidogo. Ule mwaloni ulikuwa umemwambia wazi kwamba wakati umekwisha.

Mwaka 1892 na 1893 alikaa mjini Rouen miezi kadhaa, akachora uso wa Kanisa Kuu. Alikodi vyumba vya mbele yake, na chumba kimoja kilikuwa cha duka la nguo za wanawake. Wateja hawakupenda kuona mwanamume dirishani, ikabidi afichwe nyuma ya pazia. Alifanya kazi tangu asubuhi hata jioni, akibadili picha zaidi ya kumi kwa siku moja. Usiku aliota kanisa linamwangukia, likiwa na rangi ya buluu, au waridi, au manjano. Jumla alichora picha zaidi ya thelathini za kanisa lile, lakini hakuweza kuzimaliza huko. Alizichukua Giverny, akazitengeneza chumbani mwaka 1894, na mwaka 1895 akaonyesha ishirini.

Hapa lazima niseme kweli. Monet alipenda watu waamini kwamba yeye hana chumba cha kuchorea, kwamba chumba chake ni mbingu. Si kweli. Kadiri alivyozeeka ndivyo alivyozidi kumalizia ndani yale aliyoyaanza nje. Kati ya mwaka 1899 na 1901 alikwenda London mara tatu, akaanza picha karibu mia za mto Thames na ukungu wake, akizibadili kila ukungu ulipogeuka, hata mara nyingine akashindwa kuipata upesi ile aliyoitaka katika rundo. Wanunuzi walingoja. Maonyesho yalifanyika mwaka 1904 tu, nayo yalikuwa na picha 37. Kwa nini akawaweka watu miaka mitatu? Kwa sababu hakutaka kuachia hata moja mpaka zote zimepatana. Basi yule aliyejua kuacha picha kwa dakika saba hakujua kuiacha kwa miaka saba. Sikuyaona haya mara ya kwanza nilipokisoma kitabu. Niliyaona mara ya pili.

Mwaka 1893 alinunua kiwanja karibu na nyumba yake Giverny, akachimba ziwa dogo, akapanda mayungiyungi. Wanakijiji walinung'unika kwamba mimea ya kigeni itatia sumu maji yao. Ziwa hilo likawa shamba lake la kazi kwa miaka iliyobaki. Mtunza bustani alilisafisha kwa mashua kila asubuhi kabla bwana hajafika. Mwaka 1908, maonyesho ya picha za mayungiyungi yakiwa karibu kufunguliwa, Monet alizitazama, akachukua kisu na burashi, akaharibu picha zipatazo 15. Maonyesho yakasogezwa mpaka mwaka 1909, na picha 48 zikaonyeshwa. Nyingine aliziharibu katika miaka ya baadaye, na nyingine alizichoma moto.

Kisha msiba juu ya msiba. Alice alifariki mwaka 1911. Mwaka 1912 madaktari walimwambia ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Jean, mwanawe wa kwanza, alifariki mwaka 1914. Ndipo Georges Clemenceau, rafiki yake wa zamani aliyepata kuwa Waziri Mkuu wa Ufaransa, alipomsukuma aanze kazi kubwa kuliko zote, picha za mayungiyungi zenye urefu wa ukuta, za kumzunguka mtazamaji pande zote. Vita vikuu vilikuwa vimeanza, na mizinga ilisikika kwa mbali. Mzee alijenga chumba kikubwa, akachora. Mwezi Novemba 1918, vita vilipokoma tu, alimwandikia Clemenceau kwamba ataipa nchi picha mbili. Zile mbili zikawa nyingi, na mwaka 1922 hati ikatiwa sahihi.

Lakini kutia sahihi si kutoa. Macho yake yaliona sasa kila kitu kama kupitia chai. Alichagua rangi kwa kusoma majina yaliyoandikwa katika mirija. Mwaka 1923 alipasuliwa jicho la kulia, na baada ya hapo rangi zikaonekana kwa namna nyingine tena, buluu kupita kiasi, mpaka alipopata miwani iliyomfaa. Kila macho yalipogeuka aliziona picha zina kosa, akarudi kuzigusa. Clemenceau, ambaye pia alisomea udaktari, alimsihi aziache, akamwonya kwamba ataziharibu. Mwaka 1925 Monet alitaka kuvunja ahadi yake kabisa, na Clemenceau akakasirika hata urafiki wa miaka mingi ukawa karibu kukatika. Hakuna aliyezipata zile picha akiwa hai. Zilibaki chumbani mwake, na rangi juu ya rangi, mpaka alipokufa tarehe 5 Desemba 1926, akiwa na umri wa miaka 86.

Mwezi Mei 1927 zilifunguliwa kwa watu katika jumba la Orangerie mjini Paris, vipande 22 vilivyounganishwa kuwa picha nane, katika vyumba viwili vya mviringo kama yai. Kimo chao ni karibu mita mbili, na urefu wote ni karibu mita 91. Zimegandishwa ukutani kwa gundi, hazitoki. Hakuna ufuko ndani yake wala mwisho wa maji. Bruda, aliyewahi kuziona, alinieleza kwamba ukizisogelea sana huoni ua, waona rangi iliyokauka tu kama matope ya njiani, na sharti urudi nyuma ili ziwa litokee.

Likizo iliyopita nilikwenda kwa shangazi, nikiwa na mirija miwili mipya, nyeupe na manjano, na nia ya kuitengeneza picha ya nyumba. Nilifikiri kwamba rangi ya zamani imekauka sasa, haitachanganyika tena, na ukuta waweza kurudishiwa jua lake. Bibi alikuwa ameitundika juu ya kitanda. Nilipoomba niiteremshe aliuliza kwa nini, nikamweleza. Akaitazama kitambo, akanionyesha kwa kidole sehemu ndogo juu ya paa, upande wa kushoto, ambayo kwa bahati sikuifikia zile siku mbili za pili: ni milima ya Uvira ya asubuhi ya kwanza, mapigo manne ya zambarau na moja la waridi. Akasema nile kwanza, chakula kinapoa. Mirija bado ninayo.